Barua za Hank Aaron na Simu Yangu

Ujumbe wa kwanza uliingia saa nane na dakika kumi usiku. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa bado nimekaa na daftari la mekanika ya udongo, napiga msuli wa test ya asubuhi, na rumeti wangu alikuwa keshalala zamani pamoja na mdogo wetu wa mwaka wa kwanza anayembeba. Namba siijui. Maneno mafupi tu: "Hizo A zako tunajua unazipatia wapi. Jitoe kabla hatujakuanika." Nikacheka. Nikadhani ni utani wa jamaa zangu wa darasani. Dakika tatu baadaye ukaingia wa pili, namba nyingine, na huo haukuwa wa kuchekesha. Siwezi kuuandika hapa, mhariri atanikata.

Ilikuwa wiki ya pili ya kampeni za urais wa serikali yetu ya wanafunzi, mwaka jana. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi ujenzi, msichana mmoja kati ya tisa kwenye darasa la watu zaidi ya mia. Nilichukua fomu kwa hasira tu, baada ya bumu kuchelewa na kuona wenzangu wa hosteli wakishindia uji. Wiki ya kwanza hakuna aliyenijali. Walinipigia makofi ya huruma, yale anayopigiwa mtoto akisoma shairi kanisani. Matusi yalianza pale ilipoonekana kwamba ninaweza kushinda. Hilo ndilo nataka tulishike, maana nitalirudia.

Kilichonizuia nisijitoe ni mzee mmoja Mmarekani, aliyecheza mchezo ambao wengi wenu hamjawahi kuutazama hata kwenye runinga. Naomba mnivumilie kidogo.

Kidato cha pili, shule yetu ya wasichana ililetewa mwalimu wa hesabu wa kujitolea kutoka Japani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini hesabu alizijua, na jioni alitufundisha besiboli. Alichonga gongo mwenyewe (la mti, siyo lile la kunywa), mpira tukautengeneza kwa soksi na raba. Sheria zake ni nyingi, lakini kiini ni hiki: mrushaji anakurushia mpira kwa kasi, wewe una gongo, unaupiga, kisha unakimbia kuzunguka vituo vinne hadi ulipoanzia. Ukiupiga ukavuka uzio wa uwanja kabisa, hakuna wa kukukamata. Unazunguka taratibu kama uko harusini. Hiyo ndiyo homrani. Kwa mpenzi wa soka ni sawa na goli la kutokea katikati ya uwanja. Ni ngumu kiasi kwamba mchezaji akizipata 30 kwa msimu anaitwa hatari.

Mwalimu wetu alimpenda Sadaharu Oh, nyota wa kwao aliyepiga homrani 868 katika ligi ya Japani. Alituambia kwamba mwaka 1974 Oh alishindana kupiga homrani na Mmarekani mmoja jijini Tokyo, na yule Mmarekani akashinda 10 kwa 9. Alisema hivyo kwa uchungu kabisa, kana kwamba ilikuwa jana. Wiki ya mwisho kabla hajarudi kwao akatuonyesha kwenye kompyuta yake filamu fupi ya huyo aliyemshinda Oh. Mwanaume mweusi, jezi namba 44, anapiga mpira unapaa gizani. Anazunguka vituo. Vijana wawili wa kizungu wanaruka kutoka jukwaani, wanakimbia naye na kumpiga piga mgongoni. Anapofika nyumbani wachezaji wanamzonga, na mama mmoja mtu mzima anapenya katikati yao na kumkumbatia shingoni. Anamng'ang'ania. Hamwachii.

Sisi tukashangilia. Mwalimu akauliza, "Mama anafanya nini?" Tukajibu, "Anafurahi, mwalimu." Akatikisa kichwa. "Mkiwa wakubwa, someni."

Nilikuja kusoma usiku ule, saa tisa, baada ya ujumbe wa saba. Nilikuwa natafuta chochote cha kunitoa kwenye ile simu huku nikiwa nimeishika simu hiyo hiyo.

Henry Aaron, ambaye dunia inamjua kama Hank, alizaliwa Mobile, jimbo la Alabama, tarehe 5 Februari 1934. Familia maskini, watoto wanane, na kusini mwa Marekani enzi hizo sheria ziliwatenga weusi kwenye shule, mabasi, bomba la maji, kila kitu. Hakuwa na vifaa, akajifunza kwa kupiga vizibo vya chupa kwa kijiti. Hakuwa na kocha, kwa hiyo alishika gongo kinyume, mkono wa chini juu na wa juu chini, mpaka alipokuwa kijana akarekebishwa. Mwaka 1947 Jackie Robinson alikuwa ameingia ligi kuu kama mweusi wa kwanza katika zama mpya, na mwaka uliofuata alipofika Mobile kuzungumza, Aaron wa miaka 14 alitoroka shule kwenda kumsikiliza. (Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, hilo msiliige.)

Mwaka 1952, akiwa na miaka 18, aliondoka kwao kwa treni kwenda kuchezea Indianapolis Clowns, timu ya weusi. Kuna kisa cha kipindi hicho alichokisimulia maisha yake yote. Timu ilikula kifunguakinywa katika mgahawa mmoja jijini Washington. Walipomaliza, wakasikia kutoka jikoni sahani zinavunjwa. Zilikuwa sahani walizolia wao. Aaron alikuwa akiongeza jambo moja: kama mbwa angelilia kwenye zile sahani, wangeziosha tu.

Nilipofika hapo niliiweka simu kifudifudi nikakaa kimya kidogo.

Mwaka uliofuata alipelekwa Jacksonville, katika ligi ndogo ya kusini, akiwa miongoni mwa weusi wa kwanza kabisa kuichezea. Uwanjani aliongoza. Nje ya uwanja hakuruhusiwa kulala hoteli ya wenzake wala kula nao. Akamaliza msimu akiwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 1954 akapandishwa timu kubwa, Milwaukee Braves, baada ya mchezaji mwingine kuvunjika kifundo cha mguu. Kuanzia hapo hakushuka tena kwa miaka 23.

Nataka mwelewe jinsi huyu mtu alivyofanya kazi, maana wengi tunapenda muujiza. Tunataka semista moja ya kutisha, GPA iruke, watu waseme. Aaron hakuwahi kupiga homrani 50 kwa msimu hata mara moja. Kiwango chake cha juu kabisa ni 47, mwaka 1971, tayari akiwa na miaka 37. Wapo wengi waliompita kwa msimu mmoja. Ila alipiga 20 au zaidi kila mwaka kwa miaka 20 mfululizo, kuanzia 1955 hadi 1974. Mwaka 1957 aliibeba Braves hadi ubingwa wakiwafunga New York Yankees, akatangazwa mchezaji bora wa ligi yake, kisha mwaka uliofuata akarudi kazini kama kawaida. Magazeti yaliandika kuhusu wengine waliokuwa na mbwembwe. Yeye alihesabu kimyakimya.

Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wakaangalia hesabu wakashtuka. Rekodi kubwa kuliko zote katika mchezo ule ilikuwa homrani 714 za Babe Ruth, Mzungu, kipenzi cha taifa, na ilikuwa imekaa tangu 1935. Na huyu mtu mweusi mpole kutoka Alabama, ambaye sasa timu yake ilikuwa imehamia Atlanta, kusini kule kule, alikuwa anaikaribia.

Hapo ndipo barua zilipoanza kumiminika. Mwaka 1973 inakadiriwa alipokea barua 930,000, mpaka Posta ya Marekani ikampa tuzo kwa kupokea barua nyingi kuliko raia yeyote asiye mwanasiasa. Nyingi zilikuwa za heri. Lakini lundo kubwa lilikuwa matusi ya rangi yake na vitisho vya kumuua: atapigwa risasi siku fulani, uwanja fulani, asicheze. Alipokuwa na homrani 300 hakuna aliyemwandikia hivyo. Alipokuwa na 500, kidogo. Chuki ilipanda kadiri alivyokaribia kushinda.

Akapewa askari wa kumlinda. Safarini alilala hoteli tofauti na wenzake, au aliandikishwa kwa jina la uongo, akala peke yake chumbani. Binti yake mkubwa alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Fisk kule Nashville, na vitisho vikamfuata hadi kampasi, ikabidi maafisa wa upelelezi wamlinde kimyakimya akiwa masomoni. Fikiria. Uko kwenye lekcha, na mtu aliyeketi nyuma yako yupo kuhakikisha hutekwi kwa sababu baba yako anapiga mpira vizuri.

Alimaliza msimu wa 1973 na homrani 713. Moja pungufu. Akasubiri miezi sita yote ya baridi akijua kwamba kuna watu wanaomba asifike. Gazeti moja la Atlanta liliandaa tanzia yake, likaiweka tayari.

Tarehe 4 Aprili 1974 huko Cincinnati akapiga ya 714. Tarehe 8 Aprili, Atlanta, mbele ya watu zaidi ya 53,000, mrushaji Al Downing akamrushia mpira na ukavuka uzio. 715. Wale vijana wawili waliokimbia naye walikuwa mashabiki tu, wa miaka 17, lakini mlinzi wake pale jukwaani alikuwa na bastola na sekunde chache za kuamua kama ni wauaji au la. Akaamua si wauaji. Na yule mama aliyemng'ang'ania mwanawe shingoni inasimuliwa kuwa aliogopa risasi. Kama wangempiga, wangempiga yeye kwanza.

Alipopewa maikrofoni, Aaron alimshukuru Mungu kwamba yamekwisha.

Nililia, sitaki kudanganya. Rumeti akaamka akauliza kuna msiba. Nikamwonyesha meseji. Yeye ndiye aliyesema, "Usifute. Piga picha zote, weka mahali."

Siku tatu baadaye kukatoka picha. Kichwa changu, mwili wa mtu mwingine, mnajua kompyuta zinavyofanya siku hizi. Ilizunguka magrupu yote ya kampasi ndani ya saa moja. Hilo ningelibeba. Lakini mtu, sijui nani hadi leo, aliipata namba ya grupu la kwaya ya mama yangu kule nyumbani, akaituma.

Mama alipiga saa kumi na mbili asubuhi. Nilipoona jina lake kwenye kioo mikono iliniishia nguvu. Mama yangu anauza vitenge sokoni, ameishia darasa la saba, na kila anayenunua kwake anajua ana binti injinia.

"Mwanangu, ile picha nimeiona."

"Mama, siyo mimi."

"Najua siyo wewe. Mimi ndiye niliyekuogesha." Akanyamaza. "Kura lini?"

"Ijumaa."

"Basi Ijumaa. Usije nyumbani kabla ya hapo. Ukija, watajua imefanya kazi."

Halafu akaniambia kwamba ameandika kwenye grupu la kwaya: huyu ni mwanangu, aliyeitengeneza na atubu. Wanakwaya arobaini na kitu. Peke yake, kwa herufi kubwa zote, maana hajui kuzitoa. Nilipokata simu nikamwona yule mama wa Atlanta akipenya katikati ya wachezaji.

Jitihada zangu za kuwa jasiri ziliishia hapo. Sikutoa hotuba kali. Midahalo miwili iliyobaki nilizungumza nikitetemeka, na swali la bumu nililijibu vibaya. Ijumaa watu wakapiga kura. Nilishindwa kwa kura 61.

Sasa hapa ndipo makala nyingi za aina hii zingesema kwamba kushindwa kulinifunza, na kwamba namshukuru aliyetengeneza ile picha. Simshukuru. Aaron naye hakuwashukuru. Hadi uzeeni alisema wazi kwamba kipindi ambacho kilipaswa kuwa kitamu kuliko vyote kilimwachia jeraha. Zile barua hakuzitupa. Alizitunza miaka na miaka, na alipoulizwa kwa nini, akasema ni za kumkumbusha asijidanganye kuhusu yaliyotokea. Aliendelea kucheza hadi 1976, akastaafu na homrani 755. Akawa kiongozi ofisini kwa Braves wakati weusi wenye vyeo hivyo walihesabika kwa vidole. Mwaka 1982 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la mchezo huo. Mwaka 2007 Barry Bonds alipoipita rekodi yake, katikati ya tuhuma nyingi za dawa za kuongeza nguvu, Aaron hakutoa neno la kijicho. Sura yake ilitokea kwenye kioo kikubwa cha uwanja akimpongeza. Alifariki Januari 2021, akiwa na miaka 86. Rekodi yake ya kuiletea timu pointi 2,297 kwa mapigo yake bado imesimama. Na hesabu ninayoipenda kuliko zote: ukimnyang'anya homrani zote 755, bado anabaki na mapigo halali zaidi ya 3,000, idadi ambayo pekee yake humfanya mchezaji kuwa gwiji. Yaani hata wangefanikiwa kuifuta ile rekodi waliyoichukia, asingefutika.

Lakini kuna kitu kingine kinanisumbua zaidi, na bila kukisema makala hii itakuwa ya kinafiki.

Nimekuwa nikiwafikiria walioandika zile barua. Ili umtukane Hank Aaron mwaka 1973 ilibidi ukae mezani, utafute karatasi na kalamu, uandike, uweke kwenye bahasha, ununue stempu, utembee hadi posta. Njia nzima hiyo ulikuwa na nafasi ya kughairi, na watu kwa maelfu hawakughairi. Sisi inatuchukua kidole gumba na sekunde moja. Nikiwa mwaka wa kwanza, kulikuwa na kaka mmoja aliyegombea ubunge wa kitivo, ana kigugumizi. Mtu akamrekodi akikwama kwenye neno "maendeleo", akaweka na muziki wa singeli. Mimi niliisambaza kwenye magrupu matatu, nikaongeza vile vikatuni vya kulia kwa kicheko. Alijitoa siku mbili kabla ya kura. Nilisema, "Bora, angetutia aibu." Hayo ni maneno yangu mimi.

Mwezi uliopita nilimtafuta. Yupo mwaka wa nne, tulikutana vimbweta vya maktaba. Nikamwambia, kaka, ile klipu nilisambaza na mimi. Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Na wewe?" Kisha akasema hakuna tatizo, ni mambo ya zamani, akafungua kitabu chake. Kigugumizi chake kilikuwa kimezidi. Sikujua niseme nini tena, nikaondoka.

Baada ya Aaron kueleza hadharani anayoandikiwa, Wamarekani wa kawaida walianza kumwandikia barua za kumtia moyo kwa wingi mno, wakiwemo watoto wa shule. Nafikiri hiyo ndiyo sehemu tunayoweza kuifanya bila kuwa mashujaa. Mimi katika zile siku nilipokea meseji nne nzuri. Nne. Moja ni ya mlinzi wa hosteli yetu, aliandika "Binti usiogope tunakuona." Sidhani kama anajua kwamba ndiyo iliyonifikisha Ijumaa.

Picha za zile meseji bado ninazo kwenye simu, 43, kwenye folda niliyoipa jina Posta. Zile nne nzuri nimeziweka humo humo. Juzi dada mmoja wa mwaka wa pili alikuja chumbani kwangu, amesikia niligombea, anafikiria kuchukua fomu mwaka huu. Akauliza, "Dada, inakuwaje kule?" Nilitaka kumwambia maneno matamu. Badala yake nikamfungulia folda, nikampa simu, nikaenda kuchemsha chai.

Niliporudi alikuwa amefika mwisho. Hakusema kitu. Akanywa chai, akaniuliza habari za mama, akaaga. Sijui kama atachukua fomu. Lakini kampeni zinaanza wiki mbili zijazo, na kama jina lake litakuwemo, namba yake mtaipata kwenye mabango. Mwandikieni kabla wale wengine hawajaanza.